Nauli Ikishapanda

Mpwa wangu anakaa Chanika na kazi yake iko Posta. Desemba 2023, nauli ya daladala ya masafa mafupi ilipotoka shilingi 500 kwenda 600, na ya mbali ikapanda zaidi, aliniuliza kwa dhati kabisa: "Mjomba, enzi zenu mafuta yakisumbua mlifanyaje? Mlikuwa mnaita boda?"

Boda! Nilicheka, halafu nikaudhika. Binti huyu amesoma mpaka chuo kikuu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu wa mji huu wa Dar es Salaam waliwahi kwenda kazini kwa baiskeli.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Urafiki, nasi tulikaa Magomeni Mapipa. Petroli siku zile haikuwa na shida ya bei tu. Yenyewe ilikuwa haipatikani. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na sisi watoto tukaiona amri ile kuwa neema, kwa sababu jioni tulifundishana baiskeli barabarani bila kupigiwa honi. Nimepekua tarehe nisije nikabishiwa: UDA, shirika la mabasi ya mjini, ilianza 1974, daladala zikaruhusiwa 1983. Haya ninayoyasimulia yamo humo katikati, na mwaka wenyewe si hoja. Mabasi yalipungua kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuviagiza, watu wakaendelea kuongezeka. Aliyekuwa na baiskeli alihesabika kuwa na usafiri. Wengine walidandia malori, walipanda teksi bubu wakiomba wasikutane na askari, au walitembea.

Baba alikuwa na Phoenix nyeusi, na kila mwenye Phoenix pale Mapipa alimjua Babu Fundi.

Kijiwe chake kilikuwa chini ya mkungu, hatua chache kutoka barabarani. Alikuwa na karai la maji yaliyokwisha kuwa meusi, sanduku la bati la spana, na kigoda ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Ukimpelekea pancha, hakuharakisha. Alichomoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai kidogo kidogo huku ameinamisha sikio, utadhani mpira unamnong'oneza. Povu likitoka, aliziba tundu kwa kidole gumba na kuitisha msasa bila kuinua kichwa, na mtoto aliyekuwa karibu ndiye aliyeukimbilia. Viraka alivikata kwenye mpira mkuukuu wa lori. Kabla ya kupaka sulusheni ilibidi pasafishwe kwa petroli, na hiyo petroli aliihifadhi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, kimezibwa kwa gunzi. Alikiinamisha kikagusa ncha ya kitambaa, akakirudisha wima upesi. Baiskeli za mtaa mzima, zilizokuwepo kwa sababu petroli imekosekana, nazo zilihitaji tone la petroli. Harufu ile ya sulusheni na petroli naijua mpaka leo. Nikipita kwa fundi yeyote napunguza mwendo.

Wazee wa Mapipa walisoma hali ya mafuta kwa kuutazama mkungu ule. Baiskeli zikiwa tatu nne zimeegeshwa, meli imefika, mambo si mabaya. Zikiwa nyingi mpaka mlangoni kwa jirani, sheli ni kavu. Na hapo ndipo mtu wa biashara angepandisha bei. Babu Fundi hakupandisha. Asiye na pesa aliandikwa kwa chaki kwenye kipande cha ubao kilichopigiliwa shinani: jina, na alama ya kilichotengenezwa, kwa kuwa Babu hakupenda kuandika maneno marefu. Pancha ilikuwa duara, mnyororo mistari miwili. Mshahara ukitoka, watu walikuja wenyewe kufutwa. Asiyefutwa mwezi wa pili alisomwa na kila mpita njia, na aibu ilimaliza kesi.

Sisemi ilikuwa raha. Baba alirudi zamu ya usiku miguu imekaza, na mvua za masika zilimfikisha kazini kama aliyechotwa mtoni. Siku ambayo mnyororo ulikatika njiani, mama alisonga ugali mara mbili, wa kwanza ukapoa ukaliwa na kuku. Ninachosema ni kwamba shida ile iligawanywa. Leo kila mtu amefungiwa na ya kwake.

Daladala zilipokuja tulishangilia. Zikafuata chai maharage, mkikaa mnatazamana magoti kwa magoti, kisha vipanya, kisha mabasi makubwa kidogo na wapiga debe wake. Babu Fundi alifariki katikati ya hayo yote. Mkungu wenyewe uliondolewa barabara ilipopanuliwa. Mwendokasi ulipoanza 2016, pale mahali nilipaonyesha kwa kidole na sikuwa na hakika.

Lakini kilichobadilika zaidi ni umbali. Baba alipiga pedali kilomita chache tu. Mji umemsukuma mpwa wangu mpaka Chanika kwa sababu huko ndiko kodi inakowezekana, kisha ukaziacha kazi zilezile Posta na Kariakoo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta, na watu wanazungumzia petroli kana kwamba ndiyo peke yake inayowakamua. Konda ana ujanja ulio ghali kuliko tangazo lolote: kukatisha ruti. Gari limeandikwa Buguruni, linamwaga abiria Gongo la Mboto, linageuza. Unalipa upya, umesimama. Dereva naye ukimuuliza atakuambia tajiri anataka hesabu yake jioni, mafuta yapande yasipande, na hapo hasemi uongo.

Tena nauli ina tabia moja. Mei 2022 ilitoka 400 ikawa 500, kwa hoja kwamba mafuta yamepanda, na mwezi huo petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita. Kufikia mwanzoni mwa 2023 petroli ilikuwa imerudi chini ya 3,000. Nauli ilibaki palepale ikisubiri ngazi inayofuata, na ngazi ikaja Desemba.

Mpwa wangu amepata njia yake. Wako wanne wa upande ule, mmoja wao ana kagari kadogo, na wanachangia mafuta. Wanaondoka saa kumi na moja kasoro alfajiri, kabla ya foleni ya Pugu, na wanalala garini mpaka ofisi ifunguliwe. Juzi nilimuuliza bei ikibadilika wanafanyaje. Akasema mwenye gari huwapigia hesabu mbele yao. Petroli ilipopanda mchango ulipanda, na iliposhuka aliupunguza.

Nimezaliwa na kuzeekea mji huu, na sijawahi kusikia nauli iliyoshuka. Nimemshauri asiitangaze sana habari hiyo, trafiki wasije wakaamua ni teksi bubu.