Nani Alijenga Boma?

Akina mama wenzetu, kila siku tunapita mbele ya Boma la Arusha tukienda zetu sokoni. Ndani tuliingia kwa mara ya kwanza Jumamosi moja tulipowapeleka watoto, maana siku hizi ni makumbusho. Mtoto wetu wa darasa la tano akauliza nani alijenga. Tukamjibu upesi, "Wajerumani, mwaka 1900."

Bibi yao, ambaye ni Mmeru, alinyamaza hadi tulipotoka nje.

"Wajerumani waliamuru," akasema. "Waliofanya kazi ni babu zetu, tena kwa kulazimishwa."

Tuliona haya. Ndipo akatusimulia habari za Akeri: jinsi wamisionari Ovir na Segebrock walivyouawa Oktoba 1896 pamoja na Wachaga waliofuatana nao, na kisasi kilichofuata. Migomba ilichomwa, ng'ombe wakatekwa, na wanawake pia. Shangazi wa baba yake alichukuliwa hadi Kilimanjaro, asirudi tena.

"Aliitwa nani, Bibi?" mtoto akauliza.

Bibi aliwaza mpaka tukafika Mnara wa Saa.

"Jina lake sikuambiwa, mjukuu wangu."