Treni Ilitangaza, Sisi Tukanyamaza



Kinyerezi hatuna stesheni ya treni, lakini wapo wengi miongoni mwetu ambao siku yao hupangwa na treni. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, zama za Wajerumani, kwa ajili ya mizigo na safari za bara. Mkazi wa pembezoni anayekwenda mjini kutafuta riziki hakuwamo katika hesabu. Treni ya abiria wa jijini ilianza Oktoba 2012, kwa njia ya Ubungo Maziwa na ile ya TAZARA, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Mwaka 2016 ikaja njia ya Pugu, na hapo neema hiyo ikatusogelea sisi wa upande huu.

Treni haijui foleni, lakini pia haimjui aliyechelewa. Daladala ikikuacha, nyuma yake ipo nyingine. Treni ya jioni ikikuacha, imekuacha. Kwa hiyo ratiba ikisogezwa hata kwa nusu saa, husogea pamoja nayo chakula cha watoto, dawa ya mgonjwa aliyeachwa nyumbani na swala ya Magharibi.

Katika jamaa yetu yuko mama mmoja, mjane, anayepika na kuuza chakula mjini. Jioni hupanda treni, hushuka upande wa Ukonga, kisha huchukua daladala ya kuja kwetu. Kila Alhamisi baada ya Magharibi alihudhuria darsa ya akina mama, akijifunza kusoma Qur'an katika umri wa kuwa na wajukuu. Ratiba ya jioni ilipobadilika, alilisoma tangazo stesheni, akapiga hesabu, akaona kwamba atafika msikitini Isha ikiadhiniwa. Akanijia mimi katibu. "Mwanangu, iombee kamati isogeze darsa. Jumapili sina treni wala biashara."

Nikaliandika ombi lake chini kabisa ya ajenda, katika mengineyo. Kikao hicho kilikuwa cha paa la msikiti na wageni waliotarajiwa kutuchangia. Muda ukaisha, tukafunga kwa dua. Kikao kilichofuata nikasahau, na kilichofuata hapo pia. Huku nyuma nikasikia baadhi ya akina mama wakisema kwamba fulani ameiacha darsa kwa kupenda dunia. Sikuwasahihisha.

Siku moja shughuli ilinipeleka mjini, nikarudi kwa treni hiyo. Nilimkuta behewani, sufuria tupu miguuni, midomo ikicheza taratibu. Alikuwa akirudia herufi alizofundishwa, asizisahau. Nikataka kujitetea kwa habari za ratiba. Akanikatiza kwa upole: "Treni ilinitangazia, mwanangu. Ninyi ndio hamkunijibu."

Nilisoma tafsiri ya Suratu Abasa chuoni, na nimeifundisha vijana: kipofu aliyekuja mbio kutaka elimu, wakati Mtume (s.a.w.) ameshughulika na wakubwa wa Makureshi akitaraji kusilimu kwao. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alizinduliwa kwa ajili ya mtu mmoja, katibu wa kamati aliyeshughulika na mabati atajitetea kwa lipi?

Darsa sasa ni Jumapili baada ya Alasiri. Wamejitokeza na akina mama wengine ambao hatukuwahi kuuliza kwa nini hawaji. Tumekubaliana pia kwamba kabla ya kugusa saa ya darsa au madrasa, tutauliza kwanza nani anatoka wapi na anarudi kwa usafiri gani. Nazisihi kamati nyingine, na wazazi majumbani, tufanye hivyo. Tunawadai wenye vyombo vya usafiri watutangazie kila badiliko, na ni haki yetu. Basi nasi tuwajibu wanaotutegemea.

Mama yule nimemwomba radhi, naye amenisamehe. Lakini wenzake wamemtangulia kwa miezi mitatu, na miezi hiyo sina namna ya kumrudishia.

Wabillahi tawfiq.