Kidole cha Mteja, Bega la Mgonjwa

Manchester ninakoishi ndiko daktari mpasuaji James Braid alikotazama maonyesho ya Charles Lafontaine mwaka 1841, akayatilia shaka, akaanza majaribio yake mwenyewe ya hipnosi. Siku hizi baadhi ya watabibu wa hipnosi hutumia programu ya sauti: mawimbi ya bahari, mvumo mzito wa chini, sauti yao wenyewe iliyotiwa mwangwi. Taabu ni kompyuta. Ukiikodolea macho, huoni kope za mteja zikitetemeka wala pumzi ikishuka. Ndiyo maana wengine huweka mezani kidhibiti cha MIDI, kibao chenye vitufe na vitelezi. MIDI, iliyotoka 1983 kwa juhudi za Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, haibebi sauti. Hubeba maagizo tu. Kitelezi hutuma namba, 0 hadi 127, na programu hutii. Kidole kinaishusha bahari taratibu, macho hayabanduki kwa mteja.

Kwetu, vijijini kati ya Handeni na Korogwe, fundi wa ngoma ya pepo hana kompyuta ya kuyaondoa macho yake kwa mgonjwa. Ngoma hupashwa moto hadi ngozi ikaze, manyanga yakatikiswa, ubani ukafuka. Kila pepo ana mdundo wake, kwa hiyo mpigaji hujaribu huu, akajaribu ule, huku akiyaangalia mabega. Bega likianza kucheza, mdundo huo ndio unaoshikiliwa na kukolezwa. Huku Manchester sauti hushushwa ili mtu atulie. Kule kwetu hupandishwa ili pepo apande. Na jamaa wapo, wanaitikia, na kesho yake ndio wanaomchotea maji. Mteja wa Manchester hulipa, akapanda tramu peke yake. Hapo naipenda njia ya kwetu bila kusita.

Lakini mteja huyo, kabla hajafumba macho, anaweza kupatana na mtabibu ishara: akiinua kidole, shughuli inasimama. Kwetu mgonjwa, mara nyingi mwanamke, huletwa na ukoo, na ngoma hukoma fundi na wazee wakiona imetosha. Jambo hili linaniuma. Fundi anayesoma bega katikati ya kelele zote zile atashindwaje kusoma kidole? Ishara hiyo ipangwe na mgonjwa mwenyewe, mchana, kabla ngoma hazijapelekwa motoni, mbele ya jamaa wote, ili hata shangazi anayeongoza wimbo ajue kwamba kidole kikiinuka, naye ananyamaza.