Kipupwe Chetu cha Kwanza Vuga

Mama mwenzangu, kama umelelewa Tanga mjini kama mimi, ambako kanga moja yatosha kujifunika usiku, basi baridi huijui. Mimi nilikutana nayo Vuga.

Mume wangu alipata uhamisho, nasi tukapanda milima ya Usambara mwezi wa Juni na watoto watatu, magodoro mawili na jiko la mkaa. Mpaka Mombo tulikuwa tukijipepea kwa joto. Kutoka hapo barabara hupanda kwa kona nyingi, na tulipofika Soni watoto walikuwa wameanza kuulizia masweta. Hapo tukaiacha barabara ya Lushoto, tukaelekea Vuga kati ya migomba na mashamba ya maharage.

Vuga ina sifa ya zamani. Hapa ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Kilindi waliowatawala Washambaa. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848. Mwaka 1895 wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifungua kituo, na baadaye vitabu vingi vya Kiswahili vilipigwa chapa kwa jina la Vuga.

Lakini baridi haikujali sifa hizo. Ukungu ulifika mpaka mlangoni. Nguo nilizofua Jumatatu zilikauka Alhamisi. Mafuta ya nazi niliyotoka nayo Tanga yaliganda chupani kama samli. Mtoto wetu wa mwisho akaanza kukohoa.

Usiku wa nne nilifanya jambo nililodhani ni la mama mwenye huruma. Niliwasha jiko la mkaa, nikaliingiza chumbani walimolala watoto, nikafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Kichwa kilianza kuniuma, nikasema ni uchovu wa safari.

Mara nikasikia hodi. Alikuwa bibi jirani yetu, ameleta mkungu mdogo wa ndizi kutukaribisha. Alipoliona jiko aliweka ndizi chini.

"Mwanangu, unataka kuwaua hawa?"

Alilibeba jiko mwenyewe mpaka uani, akafungua mlango na dirisha, tukawaamsha watoto na kuwatoa nje. Walikuwa wazito kuamka. Mpaka leo nikikumbuka, mikono hutetemeka.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Hata makaa yaliyobaki mekundu yasilale nanyi chumbani. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje haraka, kisha mwahishe hospitali.

Siku zilizofuata bibi alinifundisha kuishi na kipupwe. Baridi ya kitandani hutoka chini, kwa hiyo tandika mkeka na magunia chini ya godoro. Jua likichomoza, fungua madirisha na uanike mablanketi. Yaingize ndani kabla ukungu haujarudi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kanga hupasha kitanda joto, lakini iondoe kabla mtoto hajalala. Na mtoto anayekohoa huku akihema haraka, au kifua kikibonyea ndani, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Jioni alituita jikoni kwake, chumba kilichojengwa mbali kidogo na nyumba. Tuliota moto wa kuni, mlango ukiwa wazi, huku tukimenya maharage. Hapo ndipo nilipojifunza kusalimia asubuhi nikikutana na watu njiani, na watoto wangu wakapata wenzao wa kucheza nao.

Asubuhi moja ya Agosti ukungu uliondoka, bibi akanionyesha nyika kule chini. Akasema wazee walipenda kukaa pembezoni mwa mlima ili wapate ndizi za juu na mahindi ya nyikani. Kwa mara ya kwanza sikutamani kuteremka.

Juni iliyofuata familia kutoka Korogwe ilihamia nyumba ya pili yetu. Jioni ile ile niliona jiko la mkaa limewekwa karibu na mlango wa chumba. Nilichukua ndizi, nikaenda kupiga hodi.