Gari la Mbio na Mfuko Wako

Mwaka wa 1996 Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer Evolution. 1997 Colin McRae akajibu kwa Subaru Impreza. Mimi bado ni shabiki wa Subaru.

Lakini mfuko haujui ushabiki. Magari haya yote mawili yana injini ya lita 2 yenye turbo, nayo hunywa petroli kwelikweli. Magurudumu yote manne huvuta, hivyo tairi moja ikipasuka huenda ukanunua nne ili zilingane. Plagi za Subaru zimejificha ubavuni. Fundi atakutoza muda wake. Evolution nayo iliacha kuundwa mwaka wa 2016.

Basi uliza bei ya vipuri kwanza. Ikiwa karo ya watoto itaguswa, ndugu yangu, panda matatu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.