Gramu Zinazojulikana Kabla ya Moto

Natoa ushuhuda wa kazi yangu ya usonara. Niliianza mjini Moshi, pembeni ya benchi la fundi mzee, nikifagia na kukusanya vumbi la dhahabu kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika tupa. Nyumbani ni Uru, juu ya mji, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kule wananijua kwa jina la baba yangu, na wanajua kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kinaanzia wapi na kuishia wapi. Hata hivyo, mtu wa nyumbani aliponiletea dhahabu yake niiyeyushe, alivuta kiti akakaa. Mambo yake ya sokoni yalisubiri. Alikaa mpaka jioni, macho yakiwa mikononi mwangu.

Sikumlaumu hata mmoja. Dhahabu ikishayeyuka haina tena sura ya mwenyewe. Hereni za bibi na kipande cha mkufu uliokatika vikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia, kinachotoka ni tone jekundu ambalo halina jina la mtu. Kisha msumeno unakula, tupa inakula, msasa unakula, na kung'arisha nako kunakula. Sonara mwaminifu na sonara mwizi wote humrudishia mteja pete nyepesi kuliko alichokileta, na maelezo yao ni yale yale. Hilo lilinitesa miaka mingi: sikuwa na namna ya kumwonyesha mtu tofauti iliyopo kati yangu na yule mwingine. Niliweza kumwomba aniamini tu.

Mabadiliko yalikuja mwezi wa 12, wakati ambao kila Mchagga aliye mbali anapanda kurudi mlimani. Kijana wa jirani aliyesomea uhandisi alikuja nyumbani na kompyuta yake, na ndani yake ilikuwamo programu ya kuchorea iitwayo Rhinoceros. Nilimweleza pete ninayotengeneza mara kwa mara, akaichora, akaizungusha kwenye kioo. Picha ilikuwa nzuri, lakini picha nzuri nilikuwa nimeziona. Kilichonishika ni pale alipoiuliza programu ujazo wa pete ile, nayo ikajibu: milimita za ujazo 260.

Nikachukua kalamu. Dhahabu ya karati 18 ina uzito wa takriban gramu 15.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kwa hiyo pete ile ingekuwa na gramu 4 hivi. Ingekuwa ya fedha ya 925, ingefika gramu 2.7. Ilikuwa bado mchoro mtupu, na uzito wake ulikuwa tayari kwenye karatasi, mbele ya mtu yeyote anayejua kuzidisha. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Hesabu zilizo ndani ya programu kama ile hazikutungwa kwa ajili yetu masonara. Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya Renault ya Ufaransa, aliendeleza katika miaka ya 1960 namna ya kuielezea kompyuta mikunjo ya bodi za magari. Mmarekani Chuck Hull alipata hataza mwaka 1986 ya mashine inayogandisha risini ya majimaji kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Ukiunganisha kazi za hao wawili na ile njia ya kale ya kumimina madini mahali nta ilipoungua, unapata ninachofanya leo. Nachora pete, printa inaijenga kwa risini, naizungushia plasta ndani ya kopo la chuma, naliingiza tanurini mpaka joto lipite nyuzi 700 na risini iishe kabisa. Pale ilipokuwa risini panabaki pango lenye umbo la pete, na dhahabu inaingia humo.

Niseme wazi kwamba tanuri linahitaji umeme usiokatika kwa saa nyingi mfululizo. Ukikatika katikati, plasta inaweza kupasuka na mfano wote umekwenda. Ndiyo maana tanuri lipo mjini na jenereta pembeni, na michoro naifanyia Uru, ambako kompyuta inaweza kungoja umeme urudi.

Mama mmoja wa Uru Mashariki aliniletea hereni za marehemu mama yake. Alitaka pete itakayobaki kwa binti yake, yenye kito cha tanzanite alichokuwa nacho, na pembeni yake jani la isale. Isale ndio mmea tunaopandia mipaka ya vihamba, na jani lake ndilo anapelekewa mtu anayeombwa msamaha. Kwa nini alilitaka jani hilo, sikumuuliza.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye kito. Tanzanite hutoka Mererani, kule bondeni wilayani Simanjiro, na hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa. Wakataji wengi huibakiza nene upande wa chini ili isipoteze uzito, maana inauzwa kwa karati za uzito. Matokeo yake, kito cha namna hiyo hakikai kwenye pete zilizotengenezwa tayari viwandani, ambazo zinangoja mawe ya vipimo sawasawa. Zaidi ya hapo, tanzanite ni laini kuliko watu wanavyodhani, ina ugumu wa kati ya 6 na 7, na ikipigwa na moto wa ghafla inapasuka. Ukishaiweka huwezi tena kusogeza moto wa gesi karibu nayo. Zamani nililehemu kucha za kushikia kito mojamoja, nikijaribisha, nikiondoa, nikilehemu tena, na kila nilipojaribisha moyo ulikuwa juu.

Safari hii nilikipima kito kwa kalipa: urefu, upana, kina, unene wa ukingo. Nikakichora kilivyo, na tumbo lake la upande mmoja, kisha nikajenga kiti chake kukizunguka. Mama akaja. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta, nikamwonyesha pete kutoka juu, kutoka ubavuni, na kutoka ndani kidole kinapopita. Akasema, "Mwanangu, jani limelala mno, isale husimama." Nikalisimamisha palepale. Kisha nikapima hereni zake kwenye mzani mbele yake, nikaandika uzito, nikaandika karati, nikaandika pete itachukua gramu ngapi na kishina cha kumiminia, yaani dhahabu inayoganda kwenye njia ya kuingilia, gramu ngapi, nacho atarudishiwa. Nikaongeza kiasi ambacho tupa na msasa vitakula, maana hicho nacho kina namba. Karatasi moja akabaki nayo yeye, nyingine nikabaki nayo mimi.

Kompyuta haikuona ufa mdogo uliokuwa kwenye ukingo wa kito, niliuona mimi kwa lenzi. Wala haikukunja kucha juu yake. Kwa kazi hiyo bado nategemea kidole gumba na pumzi iliyotulia, na kijana anayejifunza kwangu anaanza na tupa na msumeno kabla ya kugusa kipanya. Sitaki awe fundi anayechora tu vitu asivyojua vinaumia wapi.

Lipo jambo jingine linalonigusa zaidi nikiwa Mchagga na Mtanzania. Tanzanite ilipatikana mwaka 1967, na duka la Tiffany la New York likaipa jina mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi sehemu kubwa imekatiwa Jaipur, India, na pete zake zimechorwa na watu wasiojua Mererani iko upande gani wa mlima. Kituo cha Jemolojia pale Arusha kinafundisha vijana wetu kukata na kung'arisha, nami nafurahi kila nikimwona mmoja wao. Lakini mchoro nao ni mali. Mchoro unahitaji mtu mwenye jicho, kompyuta na subira, na hao Uru tunao. Ndugu walioko Dar es Salaam na ng'ambo huniandikia WhatsApp kuanzia mwezi wa 9 ili pete za ndoa ziwahi Krismasi. Wanaikagua pete kwenye simu zao, wanabishana juu ya unene, wanakubaliana, na mimi bado sijawasha moto.

Pete ikikamilika nampa mteja na faili lake, ndani ya flashi. Akitaka siku moja kwenda kwa sonara mwingine, aende nalo. Wenzangu wa benchi wananipinga, wanasema natoa siri za duka. Nawajibu kwa pete ya yule mama: isale ilitoka mpakani mwa kihamba chake, dhahabu ilitoka masikioni mwa mama yake. Changu mle ndani kilikuwa kazi, na kazi nilishalipwa.