Kamera ya Boma la Mama: Maswali Kabla ya Bei

Kila nikitaja kwamba nimefunga kamera kwenye boma la mama yangu huko Mabanga, kaunti ya Bungoma (wengi mnapajua kwa sababu ya kituo cha mafunzo ya wakulima), swali la kwanza huwa lile lile: ina megapikseli ngapi? Mimi huandika programu kwa kula yangu, kwa hiyo watu hudhani nilianza na hesabu hizo. Hapana. Nilianza na maswali matatu: picha zitakaa wapi, nani ataziona, na usiku wa manane nani ataamka?

Kwanza niwaeleze hali yenyewe. Mama anaishi na kijana mmoja anayemsaidia kazi za ng'ombe. Mimi niko Nairobi, kama kilomita 400 kutoka pale. Zizi liko nyuma ya nyumba, na nyuma ya zizi ni shamba la miwa. Ng'ombe wa maziwa ndio benki ya mama, na mwizi wa mifugo hapendi barabara, hupenda miwa. Kwa hiyo kilichonihangaisha hakikuwa runinga wala simu, ni lile zizi.

Haya, swali la kwanza: picha zitakaa wapi? Kamera nyingi za bei nafuu zinasifiwa kwamba zinahifadhi kila kitu kwenye seva za mbali. Tupige hesabu. Kamera inayotoa megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa, yaani karibu gigabaiti 11 kwa siku, na zaidi ya gigabaiti 320 kwa mwezi. Nani atalipia bando hilo kijijini? Lakini data hiyo hiyo ukiiandika kwenye kadi ya memori ya gigabaiti 128 iliyo ndani ya kamera, unapata siku kama 11 kabla ya kamera kuanza kufuta za zamani. Mtandao unabaki kazi moja tu: kunitumia picha moja ndogo kitu kikisogea.

Kadi nayo ina udhaifu wake. Mwizi aking'oa kamera, ameondoka na ushahidi wake mwenyewe. Ndiyo maana nakala ya pili inakwenda ndani ya nyumba, kwenye kipakatalishi cha zamani ambacho kioo chake kilivunjika. Ili hilo liwezekane, hakikisha kamera yako inafuata kanuni ya ONVIF. Hii ilianzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya makampuni tofauti vielewane. Kamera isiyoifuata mara nyingi inakufunga kwenye programu ya mtengenezaji wake, na siku akiifunga seva yake huenda ukabaki na kipande cha plastiki ukutani.

Halafu kuna stima. Mwaka 2023 nchi nzima iliingia gizani Agosti, Novemba na Desemba, na huko kwetu hata bila hayo, mvua kubwa ikinyesha taa huzimika. Kamera yangu hula wati kama 5, na ruta ndogo ya laini ya simu karibu wati 5 nyingine. Betri ya kati yenye wati-saa 80 inazisukuma kama saa 7, na hizo zinatosha kufika asubuhi. Wanaotaka kuvuta waya mrefu hadi zizini wakumbuke pia radi za magharibi mwa Kenya. Waya mrefu wa nje unaweza kuileta radi mpaka kwenye ruta, kwa hiyo weka kinga ya umeme na waya wa ardhini.

Swali la pili: nani ataziona? Kabla ya kusafiri nilichomeka kamera mezani kwangu nikaangalia inaongea na nani. Nilikuwa nimezima huduma ya kuhifadhi picha mbali, lakini bado iliendelea kubisha hodi kwenye seva za nchi ya nje kila baada ya dakika chache. Nikaizuia kwenye ruta, isitoke kabisa. Sasa kipakatalishi ndicho kinachonitumia taarifa, kupitia njia iliyofungwa kwa ufunguo wangu.

Msidhani ni woga wa bure. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, nyingi zikiwa kamera na mashine za kurekodia, kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani yapatayo 60. Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi Marekani. Tena Februari 2024, wateja wapatao 13,000 wa kampuni ya Wyze walionyeshwa picha kutoka kamera za nyumba za watu wengine. Kwa hiyo badilisha nenosiri la kiwandani kabla hujapanda ngazi.

Lakini aliyeniuliza swali hili vizuri kuliko mtaalamu yeyote ni mama mwenyewe. "Mwanangu, nikitoka kuoga na leso yangu, wewe uko Nairobi unanitazama?" Nikamwambia, "Hapana, Mama." Akasema, "Basi nionyeshe." Nikampa simu, tukazunguka boma pamoja, yeye akichagua kila pembe. Kamera moja inatazama zizi, nyingine lango. Veranda, kamba ya nguo na mlango wa jikoni havimo. Kijana wa kazi naye aliitwa, akaonyeshwa anapoonekana na asipoonekana. Njia ya majirani ya kwenda kisimani niliifunika kwa kisanduku cheusi ndani ya programu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasamehe matumizi ya nyumbani tu, na jirani anayepita na mtungi wake si wa nyumbani kwangu.

Swali la tatu: nani ataamka? Hapa programu peke yake haitoshi. Miwa ikiyumba, kamera inadhani ni mtu. Buibui akijenga mbele ya taa za infraredi, usiku mzima ni kengele. Nilipunguza kelele kwa kuongeza kihisi cha joto la mwili, lakini hata kengele ya kweli ikinifikia saa nane za usiku, mimi wa Nairobi nitafanya nini? Nitapiga simu. Basi tuliketi na majirani wawili, tukakubaliana: simu yangu ikilia kwao, mmoja anapuliza firimbi na mwingine anawasha taa, halafu wanakwenda pamoja. Kwao nami nimefunga taa za nje, maana ulinzi wa upande mmoja haudumu.

Naam, kwa anayekwenda kununua, huu ndio mpangilio wangu: kamera inayorekodi ndani yake yenyewe, inayokubali ONVIF, inayofanya kazi hata ukiinyima mtandao wa nje. Kisha betri. Kisha majirani. Megapikseli 2 zinakutosha kumtambua mtu aliye mita chache kutoka langoni. Na kabla ya kutoboa ukuta, mpe simu yule anayeishi hapo, aone mwenyewe kile utakachokuwa unaona. Akisema hapa hapana, sogeza kamera.

Haya, tukutane wakati mwingine.